Hodi ya Tatu

Sikudhani binti Mboni aliingia ndani ya ile nyumba bila kupiga hodi. Na tuelewane mapema: hakusahau. Alikuwa mtu mzima aliyelelewa akaleleka, ambaye hata kuku wa jirani akiingia uani kwake humtoa kwa maneno ya heshima. Hodi aliijua. Aliimeza makusudi, akaishusha kifuani ikae pamoja na mengine aliyoyahifadhi humo tangu utotoni, kisha akavuka kizingiti na viatu vyake vya matope, mtaimbo mkononi. Alitaka nyumba ijue kwamba leo hakuna anayeombwa ruhusa.

Nyuma yake, chini ya ngazi, walibaki wabomoaji pamoja na msimamizi wao, Mndolwa, mtoto wa kaka yake mkubwa. Nchi ile ilikuwa na desturi yake. Jina la nchi halitusaidii. Kila aliyepata kuitawala aliipa jina jingine, nayo ikawa inaitika yote. Desturi ilikuwa hii: nyumba haibomolewi kama kichuguu. Mtu mmoja huingia kwanza peke yake, akaiaga chumba kwa chumba, kisha hutoka na kuwaambia wenzake nyumba imesema nini. Baada ya hapo ndiye anayepiga pigo la kwanza. Watu walipokaa kuamua nani akaiage Nyumba ya Kilima, wote walimgeukia Sikudhani, naye akasimama kabla hajatajwa.

"Lakini piga hodi kwanza, shangazi," Mndolwa alimwambia pale chini ya ngazi.

"Nimpigie nani?"

"Nyumba. Ndivyo inavyofanywa. Anayeingia nyumbani bila hodi ni mwenye nyumba peke yake."

"Bibi yako alipiga hodi papa hapa uliposimama. Alipata nini?"

Mndolwa akaangalia vidole vyake vya miguu. "Bibi mwenyewe alikuwa akisema hakusikika, shangazi. Alisema nyumba ni kubwa."

"Najua alichokuwa akisema," alijibu Sikudhani, na akapanda.

Tuiseme nyumba yenyewe, maana ndiyo adui. Ilijengwa karne iliyopita ikiwa bado changa, na watu waliokuja na picha yake kichwani kutoka nchi nyingine waliyoitawala, ambako nako waliichukua kwa wenyewe, wakaipanua, wakaisahau ilikotoka. Haikuwa na ghorofa. Ilikuwa ya kutambaa, pana, imekalia nguzo fupi za mawe zinazomfika mtu kiunoni. Nguzo hizo ni za kuzuia mchwa, walisema. Mchwa walipanda vilevile, waliobaki chini ni watu. Paa la bati lilishuka pande zote nne likafunika baraza pana lililoizunguka nyumba nzima, hata ukisimama mbele yake jua la utosi unaona giza tu, na ndani ya giza hilo mlango. Aliyeketi barazani anakuona tangu langoni: unavyotembea, unavyojifuta jasho, unavyoyapanga maneno yako njiani. Wewe uliye juani humwoni. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Kuna mtu alikaa na rula na penseli akalipanga, akaona ni jema, akaenda kula.

Na ngazi! Ngazi zile zilikuwa za mawe ya kuchonga, pana chini na nyembamba juu, ili anayepanda azidi kubanwa kila anavyokaribia. Watu wa bondeni hawakuzipanda. Hapakuwa na tangazo wala mlinzi. Ni miguu tu ilikuwa inajua.

Mboni, mama yake Sikudhani, alisimama chini ya ngazi hizo asubuhi moja, mgongoni amembeba Tawakali, mtoto wake mdogo, ambaye kifua chake kilikuwa kikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Sikudhani, bado wa kushikwa mkono, alikuwa ameng'ang'ania pindo la khanga ya mama. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa kutwa kwa miguu. Gari lilikuwa moja tu nchi nzima, nalo lilikuwa limesimama ubavuni mwa nyumba hiyo, linang'aa. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mboni akapiga hodi. Akangoja kama mtu mwenye adabu anavyongoja. Akapiga ya pili. Akangoja, anamtikisa mtoto mgongoni. Akapiga ya tatu. Hodi ni tatu. Ya nne ni ugomvi, ni kumwambia mtu kwamba nyumba yake si yake. Na Mboni hakupata kumfanyia mtu hivyo tangu azaliwe, hakuweza kujifunza asubuhi ile moja. Akageuka. Wengine watasema, si angepanda tu akaingia, mlango si ulikuwa wazi? Watakaosema hivyo hawajui kule. Kule mlango ulio wazi hauna maana yoyote mpaka mtu aseme karibu.

Tawakali alinyamaza njiani, kabla hawajauona mto.

Lakini Sikudhani alikuwa ameona. Hodi ya tatu ilipopigwa, alichungulia kwenye lile giza kwa macho makali ya mtoto, akamwona mtu. Mtu amesimama kwenye mlango wa ndani kabisa, ameshika kitu kirefu, bunduki au fimbo, anawatazama.

"Mama, kuna mtu," alisema.

"Nyamaza. Hakuna mtu. Mwenye nyumba hakusikia. Nyumba ni kubwa, mtu akiwa ndani hasikii."

Maneno hayo Mboni aliishi nayo kama dawa ya kila siku. Alimwambia mumewe, akawaambia waliokuja matangani, akaja kuwaambia wajukuu. Hakusikia. Hata alipokuwa mahututi, Sikudhani anamlowanisha midomo kwa pamba, aliinua kidole akasema tena, nyumba ilikuwa kubwa mno, mwanangu, usimchukie mtu. Sikudhani akaitikia, sawa, mama. Alikuwa anamdanganya. Mtu yule wa mlangoni alikua pamoja naye, akawa mnene alipokuwa mnene, akazeeka alipoanza kuzeeka. Sikudhani alimlisha chuki safi, hakumpunguzia hata siku moja. Alimwapiza akitwanga, alimwapiza akisuka ukili, na siku ya arusi yake mwenyewe, wenzake wakipiga vigelegele, alikuwa anafikiria namna ya kumvunja miguu.

Sasa yumo ndani, na kitu kirefu kilichoko mkononi ni chake.

Sebule ilimpokea kwa vumbi na harufu ya popo. Mbao za dari zilikuwa zimening'inia. Katikati ya ukuta palikuwa na dohani ya matofali, jiko la kuotea moto, katika nchi ambayo watu hulala nje kwa joto. Sikudhani akasimama mbele yake akacheka kwa uchungu. Moto wa nini? Nani alikuwa na baridi? Akawaza kwamba labda mtu anayetawala mbali na kwao huona baridi mahali ambapo wengine wanatokwa jasho, na akishaona baridi hiyo atakata msitu mzima kuikanza, na hata siku moja hatapata joto. Lakini hakuwa amekuja kumwonea huruma mtu. Akayatemea mate matofali. "Kwaheri, ibilisi," akasema, maana kuaga ni kuaga. Akaingia chumba cha pili.

Chumba cha pili kilikuwa na vumbi kidogo kuliko cha kwanza. Cha tatu kilikuwa na mapazia. Cha nne sakafu yake ya mbao ilikuwa imepigwa nta, inanukia, na Sikudhani alipotazama nyuma hakuona nyayo zake za matope. Akaangalia viatu. Vilikuwa vikavu. Angeweza kutoka papo hapo, mtu mwingine angetoka mbio na kelele juu. Yeye alijiambia, vizuri, irudi nyuma tu, irudi mpaka siku ile, maana kubomoa kuta za mtu aliyekwisha kuondoka ni kupiga maiti. Mimi namtaka akiwa hai.

Milango ikawa inafunguka kabla hajaigusa. Hakuisukuma hata mmoja. Nyumba ilikuwa imeingiwa bila hodi, nayo kwa akili yake ya mawe na mbao ilielewa jambo moja tu, kwamba mwenyewe amerudi. Ilimpisha. Ilimpeperushia upepo usoni. Ukutani palikuwa na kamba ya kengele ya kuwaitia watumishi, na mkono wake ulipopita karibu, kamba ilijisogeza kidogo kumfuata. Mgongo wa Sikudhani, uliokuwa umepinda kwa jembe, ulianza kunyooka. Alitembea katikati ya chumba, si pembeni. Alipopita dirishani akaona bonde lote chini yake, nyumba ndogondogo, moshi, watu wadogo wanaopanda njia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumtambua hata mmoja. Na tuseme kweli, alipenda. Alipenda kidogo, kama mtu anayelamba sukari kiganjani akijua haijawa yake.

Nani hukaa ndani ya nani? Swali hilo lilimjia, akalisukuma, likarudi. Mtu hujenga nyumba, akaipa madirisha ya kuangalia chini, akaipa kiti cha kutazamia. Kisha anaondoka. Kiti kinabaki kinatazama. Anayekuja baadaye, awe mwizi, awe mrithi, awe mlipa kisasi, akikaa pale shingo yake itageuzwa kuelekea kulekule. Basi aliyekuwa akitutawala ni mtu au ni kiti? Ni mtu, alijijibu kwa hasira. Ni mtu. Kiti hakinywi chai.

Ndipo akasikia kijiko kinagonga kikombe.

Chumba cha kulia kilikuwa katikati kabisa ya nyumba. Mlango wake ulitazamana na wa sebule, na wa sebule ukatazamana na wa baraza, na wa baraza ukatazamana na ngazi, yote mstari mmoja ulionyooka, ili upepo wa bondeni uingie mbele na kutokea nyuma. Sikudhani akasimama kwenye mlango huo. Mezani alikaa mtu, amempa kisogo. Kisogo chekundu, kimenyolewa vizuri, kimekunjana juu ya ukosi mweupe. Mbele yake mkate, siagi, chai inatoa moshi. Alikuwa anapaka siagi taratibu, anafikisha mpaka ukingoni mwa mkate, kama mtu ambaye hana la kumharakisha duniani.

"Hodi!"

Sauti ya mama yake.

Haikuja kama sauti inayotoka mbali. Iliingia na upepo kwenye ule mstari wa milango, ikapita sebuleni, ikafika mezani nzima, haijapungua hata pumzi. Sikudhani alisikia mate yakimezwa baada yake. Alisikia khanga ikikazwa. Alisikia, Mungu wangu, kifua cha Tawakali, kile kikorokoro chembamba alichokuwa amekisahau. Vyote vilikuwa hapa, juu ya meza, kati ya mkate na siagi.

Kwa hiyo nyumba haikuwa kubwa. Nyumba ilikuwa sikio.

Alisikia. Alisikia, mama. Uliniambia hakusikia, ukawaambia watu hakusikia, ukamwombea, ukafa unamwombea, naye alikuwa hapa anasikia mpaka unavyomeza mate. Hakuna ukuta uliomzuia. Hakuna mlango. Mpishi gani, mlinzi gani wa kumsingizia? Hodi yako ilimfika kabla haijatoka vizuri kinywani mwako. Wewe uliyeinama. Wewe uliyefundishwa usipige ya nne.

Yule mtu mezani aliinua kichwa kidogo. Ndiyo, aliinua. Kisha akakirudisha, akaongeza siagi.

"Hodi!" Ya pili.

Kinywa cha Sikudhani kilifunguka chenyewe. Neno lilikuwa tayari, fupi, jepesi, neno ambalo hata mtoto anayeanza kusema hulijua. Karibu. Ni hilo tu. Yeye ndiye aliyeingia bila hodi, milango inamfungukia, nani mwingine mwenye haki ya kulitamka? Aseme karibu, mama apande ngazi, gari lipo ubavuni, mto si mbali kwa gari. Alilihisi neno ulimini. Alihisi hata uzito wa mtoto akipokelewa mikononi mwake.

Lakini yule mtu akauma mkate.

Akautafuna, na masikio yake mekundu yakawa yanapanda na kushuka. Damu ya Sikudhani ikamchemka mpaka kuona kukamwia vigumu. Miaka yote ile! Kisogo hiki hapa, hatua chache, laini, kinatafuna. Akiita karibu, mtu atageuka. Atamwona. Atasimama, pengine ataomba radhi, pengine atatoa mwenyewe ufunguo wa gari, na akitoa ufunguo atakuwa mtu mwema, na mtu mwema huwezi kumpasua kichwa. Hilo ndilo lililomtisha. Kwamba akiitika, hatakuwa na wa kumchukia tena. Na bado kuna ya tatu, alijiambia. Hodi ni tatu. Nimmalize kwanza, kisha niitike ya tatu. Muda upo.

Akainua mtaimbo, akatembea.

Hatua ya mwisho, chuma kikiwa juu ya kichwa chake, akataka kuhakikisha. Akageuka kidogo kuutazama mstari wa milango, mpaka mwisho, mpaka kwenye mwanga. Alimwona mama yake akiwa kijana, mdogo sana, uso umelowa. Kando yake, amening'inia kwenye khanga, mtoto wa kike mwenye macho makali. Mtoto alikuwa anachungulia ndani ya giza. Alikuwa anamtazama yeye.

"Hodi," ya tatu. Hii haikupigwa kwa nguvu. Iliombwa.

Na mkono wa Sikudhani ulikuwa umeshaanza kushuka.

Mtaimbo uliangukia meza. Meza ikapasuka, ikatoa vumbi na mchwa. Hapakuwa na kikombe, hapakuwa na kisogo, palikuwa na kiti kilichooza kilichotazama mbele. Sikudhani akarudi mlangoni, chuma bado mkononi, akaita kwa nguvu zake zote, "Karibu! Karibu, mama! Pita ndani!"

Neno likapambana na upepo. Likapanda darini, likaingia kwenye matundu ya hewa, likazunguka chini ya bati. Akaliita tena, likazunguka tena. Rula na penseli zile zilikuwa zimepanga na hilo pia: sauti iingie na isitoke. Kwa mbali kabisa, mahali penye mwanga, alimsikia mtoto akisema, mama, kuna mtu. Akamsikia mama akimjibu, nyamaza. Hakuna mtu. Kisha nyayo, zikienda zake, zenye adabu, hazikimbii.

Alikimbia yeye. Alipita sebuleni, mbele ya dohani aliyoitemea, akatoka barazani akafika ukingo wa ngazi. Chini walikuwa wamesimama wabomoaji na nyundo zao begani. Mndolwa alipanda ngazi moja, akasita, akaishuka tena.

"Shangazi. Umekawia."

Sikudhani aliangalia njia ya kwenda mtoni. Ilikuwa tupu, jua limeipiga. Aliangalia ubavuni mwa nyumba lilipokuwa gari, palikuwa na majani.

"Umeiaga yote?"

"Yote."

Wabomoaji wakasogea karibu. Ilikuwa zamu ya neno lile la desturi, na lazima aulizwe mbele ya wote. Mndolwa akakohoa kusafisha koo.

"Nyumba imesema nini, shangazi? Umesikia nini ndani?"

Sikudhani alifungua mdomo. Ukweli ulikuwepo, mzima, na alijua akiutoa watamshika mkono, watamletea maji, watasema haikuwa kosa lake, alikuwa mtoto, alikuwa mtu mzima, ni nyumba. Angeweza kusema alisikia mara tatu. Angeweza kuwaambia ni nani aliyekuwa amesimama kwenye ule mlango. Mkononi mtaimbo ulikuwa unamlemea, naye hakuweza kuuachia, vidole vilikuwa vimekazana kwenye chuma. Akamkumbuka mama yake akiinua kidole kitandani. Sasa tu alielewa kwamba huenda Mboni alichungulia vilevile asubuhi ile, kwamba macho ya mama si mabovu kuliko ya mtoto, na kwamba alimwona aliyesimama mle ndani, akamjua.

Usimchukie mtu, mwanangu.

"Bibi yenu alisema kweli," alisema Sikudhani. "Nyumba ni kubwa. Mtu akiwa ndani hasikii."